Msimu wa hoteli Palma: niende au nibaki Bremen?

Kutoka: Mama Zawadi, Bremen
Februari 2025

Hamjambo ndugu zangu. Wanaonikumbuka wanajua nilikuwa nafanya usafi wa vyumba hotelini hapa Bremen mpaka Machi 2020. Tukawekwa kwenye Kurzarbeit, mpango wa Ujerumani wa kupunguziwa saa za kazi huku serikali ikifidia sehemu ya mshahara uliopotea: mwanzoni asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, 67 kwa mwenye mtoto. Bahashishi za wageni, ambazo ndizo zilikuwa sukari na nauli yangu, hazikuhesabiwa popote. Nilivumilia mpaka Oktoba, nikahamia ghala la vifurushi. Niko huko hadi leo, zamu ya usiku, mgongo umekwisha.

Sasa shoga yangu aliyeko Palma de Mallorca, kule Hispania, anasema hoteli yao inatafuta watu, Aprili hadi Oktoba, na wageni wanafurika kuliko kabla ya korona. Ni kweli? Na gonjwa lingine likija, si nitaachwa kwenye mataa tena? Walioko huko niambieni bila kunificha.

---

Kutoka: Mzee wa Dobi, Palma

Dada, wageni wamerudi, hilo usilitilie shaka. Mwaka 2019 visiwa hivi vya Balearic vilipokea wageni wa nje milioni 13.7. Mwaka 2020 wakawa milioni 1.7. Mwaka jana wamepita milioni 15. Mimi nazijua hesabu hizo kwa mashuka.

Tarehe 15 Juni 2020 Wajerumani wa kwanza walitua kwa majaribio, kabla Hispania haijafungua mipaka, na wafanyakazi wa hoteli wakawapokea kwa makofi. Nasi tukafungua yetu, tukafua mapazia yote, tukabandika alama za miguu sakafuni. Katikati ya Agosti Ujerumani ikatangaza kuwa karibu Hispania yote, pamoja na visiwa hivi, ni eneo la hatari. Wageni wakafungasha, tukafunga. Hata miezi miwili haikutimia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Waingereza: 30 Juni serikali yao ikatuweka kwenye orodha ya kijani, ya sehemu ambazo mtu akirudi hakai karantini, 19 Julai ikatutoa. Nani atapanga zamu za watu namna hiyo?

Kilichotuokoa ni ERTE, mpango wa Hispania wa kusimamishwa kazi kwa muda. Mkataba haukatwi, serikali inakulipa asilimia 70 ya mshahara ule unaokatiwa bima. Niseme tena: unaokatiwa bima. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anapewa nusu ya mshahara mkononi kwenye bahasha, akafurahi kwamba anakwepa makato. Korona ilipokuja akalipwa kwa ile nusu iliyoandikwa tu.

Kwa hiyo hilo la kuachwa kwenye mataa, jibu lake liko kwenye karatasi. Tangu sheria ya kazi ya Desemba 2021, kazi ya msimu inaandikwa fijo-discontinuo: wewe ni mwajiriwa wa kudumu unayeitwa kila msimu, na wasipokuita unaweza kuwashtaki kama waliokufukuza. Wakikuletea mkataba wa aina nyingine, uliza kwa nini kabla ya kusaini. Uliza pia vyumba vingapi kwa zamu, na kama vitanda ni vile vya kuinuliwa juu ili usiiname ukitandika. Kuna sheria ya utalii ya hapa ya 2022 inayozitaka hoteli ziviweke, lakini zimepewa miaka ya kujipanga, na wewe mgongo wako hauna miaka hiyo.

Shida kubwa ya Palma sasa ni pa kulala. Nyumba zimegeuzwa za kupangisha wageni kwa usiku. Julai mwaka jana wenyeji waliandamana kwa maelfu hapa mjini, na mimi niliwaelewa, ingawa mkate wangu unatoka kwa hao hao wageni. Mpishi wetu mmoja amelala kwenye karavani msimu mzima. Uliza hoteli ina vyumba vya wafanyakazi? Mnalala wangapi? Wanakata shilingi ngapi, samahani, euro ngapi?

---

Kutoka: Binti Mwalimu, Munich

Shikamoo Mzee. Mama Zawadi, kabla ya kitanda, kadi yako ni ipi? Kama una pasi ya Ujerumani, nenda salama. Kama ni Niederlassungserlaubnis, kibali cha kudumu cha kukaa Ujerumani, Hispania unaweza kutembea siku 90 tu, huruhusiwi kufanya kazi. Tena ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kwa kawaida kadi yenyewe inakufa, na Aprili hadi Oktoba ni miezi saba. Unayoitaka ni Daueraufenthalt-EU, kibali cha ukaaji wa muda mrefu cha Umoja wa Ulaya. Hiyo inakuruhusu kuomba kibali Hispania, na uombe ndani ya miezi mitatu tangu ufike. Bado ni kuomba lakini, usianze kazi kabla hawajakujibu.

---

Kutoka: Kaka Tom, London

Mimi nasema mdai mshahara mzuri. Kiangazi cha 2022 Heathrow, uwanja wa ndege wa hapa London, iliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku kwa kukosa watu wa kutosha. Waliopunguzwa wakati wa korona walishapata kazi kwingine, kama wewe na ghala lako. Hoteli nazo zinatafuta mikono. Msiende kichwa chini.

---

Kutoka: Mama Zawadi, Bremen

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeitoa kadi kabatini, nimevaa na miwani: Niederlassungserlaubnis. Miaka yote hii nilidhani ni kitu kile kile. Nimeomba miadi ya kubadilisha, ya karibu kabisa ni Mei, kwa hiyo msimu huu umenipita.

Shoga yangu nimempigia kumuuliza habari za kitanda. Akacheka kwanza, halafu akanyamaza. Wanalala wanne chumba kimoja, na mmoja anafanya kazi baa, anarudi saa kumi alfajiri.

Mzee wa Dobi, hoteli yenu ikianza kutafuta watu wa 2026, nishtue.

Mama Zawadi