Mrejesho: juisi yangu ya matufaa imechachuka

Wakuu, niliwauliza kwa nini juisi yangu ya matufaa, lita 5 kwenye dumu, imekaa siku 3 na hamira bila kutoa hata povu. Mkasema ni baridi ya Njombe. Kweli kabisa! Nililivika dumu blanketi nikalihamishia jikoni. Kesho yake asubuhi povu lilikuwa limepanda hadi shingoni, na mpira wa kutolea hewa unabubujika ndani ya glasi ya maji.

Wiki 3 baadaye mapovu yalikoma, nikahamisha taratibu kwa mpira, mashapo nikayaacha chini. Mvinyo ni mkavu (hauna utamu), mchachu kidogo, harufu ya tufaa ipo. Nimejaza chupa za plastiki za soda, maana za kioo gesi ikizidi hupasuka. Nazibonyeza kila jioni kupima gesi, leo zimekaza.

Mkuu uliyenishauri blanketi, asante sana.