Kijana anapiga vizuri mazoezini lakini anafungwa kwenye mechi za mmoja mmoja: nianzie wapi?

Mwalimu wa Michezo, Eldoret

Habari zenu. Ninafundisha tenisi katika shule ya sekondari yenye uwanja mmoja wa saruji na wachezaji 14. Kijana wangu wa Kidato cha Tatu ana mapigo mazito, lakini msimu huu amefungwa mara mbili na wapinzani ambao kazi yao ilikuwa kuurudisha mpira tu. Kila akiona upenyo kando ya mstari wa pembeni anaupiga mpira huko moja kwa moja, na mpira hutoka nje au hunasa wavuni. Nimfundishe nini kwanza, ikizingatiwa kwamba tuna saa moja na nusu tu kila jioni?

Kocha wa Vijana

Mwalimu, nguvu anazo. Ninachoona ni kwamba hajausoma uwanja. Wavu una sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo, kwa hiyo apigaye moja kwa moja kando ya mstari huvuka mahali palipo juu zaidi. Isitoshe, uwanja una urefu wa mita 23.77, ilhali kutoka kona hadi kona kwa mshazari ni zaidi ya mita 25. Mpira wa mshazari una wavu mfupi zaidi na nafasi ndefu zaidi ya kutua.

Jambo ambalo vijana wengi hawaelezwi ni pa kusimama baada ya kupiga. Akipiga mshazari, anatosha kurudi karibu na katikati, akibaki hatua moja upande ule ule aliopigia. Akipiga kando ya mstari, inambidi akimbie hadi ng'ambo ya katikati, la sivyo mpinzani atamalizia mshazari kwenye uwanja mtupu. Naamini pointi nyingi anazopoteza zinatokana na mbio hizo, wala si na pigo lenyewe.

Zoezi langu ni hili: wachezaji wanne uwanjani, jozi moja kwa kila mshazari, hadi pointi 11. Mpira ukitua kati ya wavu na mstari wa sevu (sevu ni pigo la kuanzisha pointi), aliyeupiga amepoteza pointi. Ruhusa ya kupiga kando ya mstari inapatikana pale tu mpinzani anapotoa mpira mfupi unaotua nyuma kidogo ya mstari wa sevu, na mpigaji akiwa ameingia ndani ya mstari wa nyuma. Kwa wachezaji 14, zoezi hili pia linapunguza foleni.

Mama wa Mchezaji

Naongeza la sevu, kwa kuwa binti yangu aliteseka nalo sana. Wachezeshe seti nzima ambamo kila mmoja ana sevu moja tu badala ya mbili. Wiki za kwanza zitajaa makosa, lakini hapo ndipo mtoto anapojifunza kuuzungusha mpira ili upite juu ya wavu na kushuka ndani ya kisanduku cha sevu, badala ya kuusukuma kwa woga.

Mwalimu wa Michezo, Eldoret

Nawashukuru. Suala la mahali pa kusimama sikuwahi kulifundisha hata siku moja. Je, mipira yenyewe ina lawama yoyote? Yetu hupaa mno.

Kocha wa Vijana

Inawezekana kabisa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, ndiyo maana hupaa. Kanuni za tenisi zinaitambua mipira maalumu ya maeneo yaliyo juu ya mita 1,219. Mkiikosa, mwambie alenge mita moja na nusu ndani ya mstari wa nyuma.