Mjadala: Je, vyuo vya Arusha na Moshi vilegeze sifa za udahili kwa wachezaji wa mpira wa kikapu?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani ni kama vyuo vyetu vya Arusha na Moshi vitenge nafasi kwa vijana wenye kipaji cha mpira wa kikapu, hata pale matokeo yao ya kidato cha sita yasipofikia sifa zinazotakiwa. Waliotangulia kuiunga mkono wametoa mfano wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, ambacho mwaka 1983 kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani pasipo kutarajiwa, wakahitimisha kwamba chuo kinachowafungulia wachezaji mlango hupata jina, na jina huvuta wanafunzi na fedha. Ninaipinga hoja hiyo, na ushahidi wangu ni mfano huohuo.

Msimu ule ulikuwa wa ajabu kweli. Dereck Whittenburg, mfungaji tegemeo wa timu, aliumia mguu mwezi Januari akakosa mechi nyingi, na hadi mechi za kawaida zilipomalizika timu ilikuwa imeshinda 17 na kupoteza 10. Njia ya uhakika ya kuingia mashindano ya taifa ilikuwa kutwaa kombe la kanda yao, nao wakalitwaa mjini Atlanta kwa kukitoa Chuo Kikuu cha North Carolina, chuo kingine cha jimbo hilo, chenye Michael Jordan, katika muda wa nyongeza, kisha Virginia ya nyota Ralph Sampson. Katika mashindano ya taifa waliivuka Pepperdine baada ya vipindi viwili vya nyongeza, wakazishinda UNLV (Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas) na Virginia kwa tofauti ya pointi moja kila moja. Kocha Jim Valvano, anapokuwa nyuma dakika za mwisho, aliwaagiza vijana wake wawafanyie madhambi wapinzani wasio hodari wa mitupo huru, ili mpira urudi kwao upesi.

Fainali ilichezwa Albuquerque, Aprili 4, dhidi ya Houston ya Clyde Drexler na Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos, timu iliyokuwa imeshinda mechi 26 mfululizo. Matokeo yakiwa 52 kwa 52, Whittenburg alirusha mpira kutoka mbali, ukapungukia njiani, naye Lorenzo Charles akaudaka hewani na kuuzamisha kikapuni wakati muda unamalizika. Olajuwon, ingawa upande wake ulishindwa, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho, na mimi naona alistahili.

Sasa tuulize timu hiyo ilijengwaje. Whittenburg, Sidney Lowe na Thurl Bailey, nguzo zake tatu, walikuwa wanafunzi wa mwaka wa nne walioletwa chuoni na kocha Norm Sloan kabla Valvano hajafika mwaka 1980. Walikuwa wamecheza pamoja misimu minne, wakifahamiana kiasi kwamba hata jeraha la mmoja wao halikuivunja timu. Kilichofuata baada ya kombe ndicho kinachonisumbua. Ukaguzi uliofanywa na mamlaka ya vyuo vikuu vya jimbo mwaka 1989 ulikosoa jinsi taratibu za masomo zilivyotumiwa ili wachezaji waendelee kuruhusiwa kucheza. Mwaka huohuo chuo kikafungiwa kushiriki mashindano ya taifa ya 1990 kwa sababu wachezaji waliuza viatu na tiketi walizopewa, na Valvano akaacha ukocha mwaka 1990. Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni vijana waliotumiwa kiwanjani huku masomo yao yakiachwa nyuma.

Najua Hasheem Thabeet atatajwa, na ni haki atajwe: Mtanzania huyu aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, akafika nayo nusu fainali ya taifa mwaka 2009, na mwaka huo akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Lakini kabla ya chuo alipitia sekondari huko Houston, akisoma na kufundishwa mchezo kwa pamoja. Maandalizi ya namna hiyo ndiyo tunayoyakosa, na kulegeza sifa mlangoni mwa chuo hakuyaleti.

Pendekezo langu ni kwamba kijana adahiliwe kwa sifa zilezile za wenzake, kisha chuo kimlipie ada na malazi kwa sababu ya kipaji chake, na ufadhili huo usikatwe akiumia. Chuo kiajiri kocha wa mwaka mzima badala ya kumtafuta wiki chache kabla ya mashindano ya vyuo nchini, SHIMIVUTA au michezo ya TUSA, na kiwanja kiezekwe ili mvua za masika zisisimamishe mazoezi. Ninawaomba wanaounga mkono hoja waeleze jambo moja ambalo hawajaligusa: mchezaji aliyeingia bila sifa akishindwa mitihani ya mwaka wa kwanza, chuo kitamrudisha nyumbani au kitambadilishia alama?