Wiki ya kusoma shule ya msingi ya serikali, watoto 130 mkondo mmoja, tufanyeje bila kuchangisha wazazi?

Mwl_Temeke

Habari za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu shule ya serikali huku Temeke, huu mwaka wangu wa nne kazini. Kwenye kikao cha Jumatano mkuu wa shule amenikabidhi niandae wiki ya kusoma kuanzia la kwanza mpaka la nne, kila siku iwe na mada yake, Ijumaa tufunge na wazazi wawepo. Nimefurahi sana maana hili jambo liko moyoni mwangu siku zote ila nimekwama naombeni mawazo.

Wenzangu wengi wanataka tufanye kama shule moja ya praiveti hapa jirani, watoto walikuja wamevaa kama wahusika wa hadithi, kuna sungura, simba, malkia, picha zilipendeza kweli na zikazunguka kwenye magrupu yote. Sasa mimi nina mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga, ana watoto watatu shuleni kwetu, nikimwambia ashone nguo ya sungura mara tatu ninachofanya ni kuwazuia watoto wake wasije siku hiyo. Na tangu 2016 elimu ni bila malipo, mchango wa lazima hatuwezi kumdai mtu na mimi sitaki hata kuwadai kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna hili linaniuma zaidi. Nina mtoto mmoja mwezi uliopita nilimwita mezani kwangu asome, kasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti safi kabisa, nikasema huyu kaiva. Nikaziba picha, nikaweka kidole kwenye neno "kikapu" nikamuuliza hili neno gani, akaniangalia usoni, akasema "bata". Kumbe ukurasa wote ameukariri kwa kusikia wenzake wanavyoimba darasani! Na wa aina yake siyo mmoja. Nikiweka mashindano ya kusoma mbele ya wazazi kama wengine wanavyopendekeza, huyu nitamweka wapi?

Vitabu vya hadithi tunavyo kama arobaini stoo, vingine kava zimeng'oka. Watoto 130 mkondo mmoja, tunaingia kwa zamu asubuhi na mchana. Bajeti ni manila na maka peni tu basi.

BiMstaafu

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumziba picha yule mtoto maana walimu wengi hatuzibi, tunasikia sauti safi tunaweka vema tunaendelea na mwingine.

Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, Buguruni na baadaye Yombo, nikwambie kilichotufaa. Siku moja ifanye siku ya kanga. Kila nyumba ya Dar kanga ipo, mama asipokuwa nayo bibi anayo, na kwa kuwa zinauzwa doti mama anabaki na kipande kimoja anakuazima kingine, hanunui kitu. Funga kamba kwenye miti ya uwanjani, anika kanga kwa mstari kimo cha mtoto, kila moja ibandikwe kikaratasi kwa pini chenye jina la mwenye nayo zisije zikapotea. Watoto wanapita wawili wawili na daftari, wanasoma jina la kanga, wanaliandika, wanakaa chini ya mti kuulizana maana yake ni nini. Mwanangu utashangaa. Mtoto ambaye kitabu hakimwiti anasimama mbele ya kanga ya mama yake aliyobebewa mgongoni tangu mchanga, hajawahi kujua imeandikwa nini, anaanza U-SI-SA-FI-RI-E NYO-TA YA MWE-NZI-O, akimaliza anaruka. Nilimwona mmoja alikimbia mpaka nyumbani kwao nyuma ya shule kwenda kumwambia mama yake kanga yake inasemaje, na mama naye alikuwa hajui kusoma.

Mambo mawili ya kuangalia. Moja, maneno ya kanga yanachapwa kwa herufi kubwa tupu na watoto wa darasa la kwanza wengi macho yao yamezoea herufi ndogo, kwa hiyo bandika chati ya herufi kubwa na ndogo kwenye mti wa kwanza au uwape wale kanga zenye maneno mafupi. WEMA HAUOZI inawatosha kabisa. Pili, zisome zote mwenyewe kabla hujaanika, kuna kanga za mafumbo ya wakewenza na majirani, ukiianika hiyo utakuwa umeleta ugomvi wa mtaa shuleni.

Kuhusu mtoto wako wa kikapu. Usimpe kitabu kwa sasa. Mkalishe akuambie sentensi mbili za maisha yake mwenyewe, mfano "Juzi nilienda Feri na babu. Tulinunua dagaa." Ziandike vile vile alivyosema, msome naye mara mbili tatu, halafu zikate neno moja moja kwa mkasi, changanya, apange upya. Hapo hawezi kukariri kwa kusikia, lazima aliangalie neno. Siku ya Ijumaa akisimama kusoma vikaratasi vyake mwenyewe hakuna mzazi atakayejua kama yuko nyuma.

Baba_Gmboto

Mwalimu mimi siyo mwalimu ni dereva, lakini wazo ninalo. Watoto wetu wengi wanapanda daladala kwa kuangalia rangi ya ule mstari ubavuni, hawasomi. Mwanangu mwenyewe darasa la pili alikuwa anajua gari letu la nyumbani kwa rangi tu, siku moja tuko kituoni nikamwambia soma pale mbele pameandikwa nini akakaa kimya wakati ni jina la mahali anapolala kila siku, Gongo la Mboto. Niliumia ila tulianzia hapo hapo, kila gari inayopita anasoma, akipatia tunasonga hatua moja, tulikuwa tunachekesha watu kituoni pale lakini miezi mitatu baadaye anasoma mpaka maandishi ya nyuma ya bajaji.

Sasa fanyeni siku ya daladala, maboksi ya friji na ya tivi yanapatikana kwa wauza vyombo bure, kata, chora mataa, andika mbele UBUNGO, MAKUMBUSHO, BUGURUNI, TEMEKE. Abiria kila mmoja anapewa kadi imeandikwa anaenda wapi, haonyeshi mtu, anatafuta gari lake mwenyewe, konda anasoma kadi kabla hajapanda na akikosea kumpakia abiria anashuka wanasoma pamoja tena. Hamna mtu anafeli hapo ni kupotea gari tu, na kupotea gari kila mtu kashapotea.

Nuru_vitabu

Mi niko tofauti kidogo, mavazi msiyatupe kabisa. Asili yake ni Uingereza wana siku yao ya vitabu kila Machi watoto wanavaa kama wahusika, lakini watu tunasahau kitu kikubwa cha siku ile, kila mtoto anapewa vocha ya paundi moja akachukue kitabu kiwe chake. Marekani nao chama cha walimu NEA kilianzisha siku yao 2 Machi mwaka 1998, na hawakuianzisha kwa ajili ya nguo, lengo ni watoto wasomewe na wasome. Sisi tumechukua nguo tukaacha kitabu. Kwa hiyo kama mtafanya mavazi fanyeni vichwa tu, masikio ya sungura ya manila watoto wakate wenyewe darasani, na sharti liwe moja, ukivaa masikio uweze kutuambia sungura wako alifanya nini kwenye hadithi uliyosoma au uliyosomewa.

Na tarehe je mmepanga lini?

Mwl_Temeke

Mkuu alisema iangukie 8 Septemba siku ya kimataifa ya kusoma na kuandika ya UNESCO.

BiMstaafu

Mwanangu Septemba usikubali. Darasa la saba wana mtihani wa taifa mwezi huo, shule inageuka kituo cha mtihani, madarasa yanapangwa madawati ya mitihani, wadogo wanaambiwa wasikanyage, hiyo wiki yako italiwa. Na 23 Aprili siku ya vitabu duniani ni masika, kanga zako utaanika wapi kwenye mvua. Mimi ningechukua Julai, shule zikishafunguliwa na watoto wametulia, maana 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani, UNESCO waliitangaza 2021, mkuu hawezi kukukatalia hiyo. Hata ukichelewa wiki mbili bado unasema ni maadhimisho ya Kiswahili.

Mtunza_maktaba

Mwalimu nimechelewa kuuona huu uzi. Vitabu arobaini ni vingi ukivitumia vizuri. Kava zilizong'oka zishone kwa sindano nene na uzi wa viatu, matundu matatu kwenye mgongo, gundi peke yake haikai kwa joto la Dar inaachia baada ya mwezi. Wape la nne wakusaidie, mtoto aliyeshona kitabu hakichani.

Kila siku ya hiyo wiki wekeni dakika kumi na tano, kengele ikigongwa shule nzima inasoma. Yaani nzima, mkuu wa shule anatoka na gazeti anakaa barazani wanamwona, mlinzi anasoma, mama anayeuza maandazi getini kama anajua kusoma mpe hadithi awasomee walio karibu naye. Watoto wetu wengi hawajawahi kumwona mtu mzima anasoma kitu ambacho siyo ujumbe wa simu, walimu wenyewe wanawaona na kalamu nyekundu tu. Kwenye shule niliyosaidia watoto walikuwa wanasogea taratibu kumchungulia mwalimu wao anasoma nini.

Na kama mtaweza hata watoto ishirini tu waende Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kuna sehemu ya watoto. Ile maktaba Mwalimu Nyerere aliifungua 9 Desemba 1967. Andikeni barua mapema mkitaja idadi na siku, msiende kwa kushtukiza.

Mwl_Temeke

Shikamoo tena BiMstaafu, na wengine wote asanteni sana jamani, nimesoma kila neno. Leo nimeongea na mkuu Julai amekubali, tena alisema mwenyewe Septemba ilikuwa inamsumbua kichwa. Jumatatu kanga, Jumanne daladala, Jumatano nadhani niite mabibi na mababu wa mtaa waje kusimulia halafu la nne waandike walichosikia na kuwasomea la kwanza, Alhamisi masikio ya manila, kengele ya dakika kumi na tano kila siku kwa zamu zote mbili. Mashindano hakuna. Vitabu tumeanza kushona, tumefikia kumi na moja.

Yule mtoto wa kikapu leo wakati wa mapumziko nilimwita nikafanya kama ulivyosema. Sentensi aliyonipa ni "Mama ananunua mihogo Temeke Sterio usiku." Kumbe ni mtoto wa yule yule mama, sikuwa nimeunganisha. Nikakata maneno nikachanganya. Mara ya kwanza alipanga "Mama usiku mihogo", akaangalia, akatoa "usiku" mwenyewe bila kuambiwa akaweka mwisho. Neno "ananunua" lilimchukua muda mrefu, alikuwa anafuatisha kwa kidole a-na-nu-nu-a. Akaniomba vikaratasi aende navyo nyumbani nikampa kwenye bahasha.

Swali la mwisho BiMstaafu, hiyo kamba ya kanga ulitumia ya katani au ya nailoni?

BiMstaafu

Katani ilitutia madoa kwenye kanga za watu. Tumia nailoni, na funga mafundo kila hatua moja ili upepo usizisogeze zote upande mmoja.