Tupeane uzoefu: mtoto wa chekechea na kiti chake cha gari, nyinyi mnamfundishaje?

MamaWaKasa
Wazazi niaje. Leo sitaki ya kugugo, nataka ile imefanya kazi kwako nyumbani. Kijana wangu ana miaka minne, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na sasa amejua kufungua mkanda wa kiti chake. Hafungui tukiwa kwa geti, anangoja tuingie Thika Road pale Allsops mahali siwezi simama hata nikitaka, naskia tu klik alafu kichwa kinatokea katikati ya siti za mbele, ati mami hebu nikuwekee redio. Babake alimwambia polisi watamshika, sasa tukifika mahali polisi wamesimamisha magari analia hadi afande anauliza huyu mtoto ni wenu kweli.

Kiti tunacho na kiko sawa kwahivyo si mambo ya kununua. Swali langu ni moja, mtoto wa umri huo unamwelezaje hatari ambayo hajawahi ona na hutaki aone? Na wale watoto wenu wanaenda na van ya shule pia semeni.

Baba_Mapacha
Mpe kazi. Mimi nina mapacha wa miaka mitano na kila asubuhi mmoja wao ni makanga, yaani kondakta wa gari. Makanga anakagua abiria wote kuanzia dereva, ananiuliza "dere umefunga?" na sio kujibu tu ndio, lazma nivute mkanda aone umekaza, alafu anaenda kwa mama yake, kwa mwenzake, mwisho yeye mwenyewe anafungwa. Akitosheka anagonga mlango mara mbili kama wale wa matatu za 45 na hapo ndio gari inatoka. Bila kugongwa haitoki, na hapo usicheze, hata kama mmechelewa kengele.

Kuna siku mjomba wao alipanda mbele akasema yeye anashuka tu hapo Roysambu, mkanda wa nini. Makanga akakataa kugonga. Tukakaa hapo kwa parking injini inaunguruma, mtu mzima na ndevu zake anabishana na mtoto wa PP2, na mwishowe alifunga juu hakukuwa na njia ingine. Watoto wa huo umri hawapendi kuambiwa kitu lakini wakipewa nafasi ya kuambia watu wengine hapo umewapata.

Sasa hiyo ya kufungua njiani. Ukiskia klik usianze kupiga kelele ukiwa unaendesha, hiyo ndio sinema anataka. Toka uingie service lane au petroli stesheni ya kwanza, zima gari, zima redio, kaa kimya. Gari imezimwa ni kitu ya kuboesha sana kwa mtoto. Mfunge tena mwendelee bila hotuba. Lakini chagua wikendi mkiwa hamna haraka, juu ukianza hiyo mchezo Jumatatu asubuhi utakubali yaishe na yeye atajua umekubali.

wanjiku_wa_umoja
Hahaha mjomba na ndevu zake 😂 naiba hii ya makanga leo leo

MwalimuWaChekechea
Mama Kasa umeuliza swali zuri, na mimi nitakujibu kama mtu anayeshinda na watoto thelathini wa umri huo. Usimwonyeshe picha za ajali. Kuna wazazi hufikiri damu inafundisha, inachofundisha ni kuogopa gari, halafu usiku hamlali.

Darasani mimi natumia ubao, gari la kuchezea na mwanasesere. Ubao unauegemeza kwenye kiti uwe mteremko, chini unaweka kitabu kikubwa. Mwanasesere anakaa juu ya gari bila kufungwa, mtoto mmoja analiachilia, gari linagonga kitabu linasimama, mwanasesere anaruka mpaka kule. Watoto wanacheka sana, waache wacheke. Halafu tunamfunga na raba bendi, tunaachilia tena, na safari hii anabaki. Hapo sisemi kitu mimi, nawauliza wao kwa nini mara hii hakuruka, na majibu yao ndiyo somo. Mmoja akasema "gari imesimama lakini yeye hakuwa amesimama". Sijui kama mimi ningeweza kulieleza hilo vizuri kuliko hivyo.

Baada ya hapo tunapanga viti viwe basi, mikanda ni vipande vya leso iliyochakaa, na kila mmoja anamfunga jirani yake. Tahadhari, somo linafika nyumbani. Mzazi mmoja alinipigia jioni kuuliza kwa nini paka wao amefungwa kwenye kochi na hakuna anayeruhusiwa kumfungua mpaka "tufike".

Jambo lingine, mtoto wa miaka minne haelewi "leo ni karibu tu". Kwake yeye sheria ipo au haipo. Ukimwachilia siku ya kwenda dukani, kesho yake unaanza upya kabisa.

BibiWaSouthC
Wanangu, mimi nauliza tu msinirukie. Watoto wangu wanne nimewapakata toka Mombasa mpaka Nairobi kwenye mabasi ya usiku na wote wazima, wana watoto wao sasa. Hawa wajukuu wakija kwangu wanalia kufungwafungwa, na mama yao akija nashtakiwa kuwa nimewatoa. Mikono ya bibi nayo si mkanda?

Baba_Mapacha
Shikamoo bibi, hakuna mtu anakurukia. Shida ni hesabu tu. Gari ikiwa 50 kwa saa ikigonga kitu ikasimama ghafla, mtoto wa kilo kumi kwa hiyo sekunde anavuta kwenda mbele kwa nguvu ya mamia ya kilo. Hakuna mikono inashika hiyo, hata ya wale wabebaji wa Gikomba. Na kama wewe mwenyewe hujafunga mkanda, wewe ndio unamfinya.

BibiWaSouthC
Marahaba baba. Mamia ya kilo? Basi hapo sina la kusema. Lakini hamjanijibu kuhusu matatu, maana si sote tuna magari, na humo kondakta mwenyewe ndiye anakwambia mpakate mtoto.

shiks_254
Bibi umeuliza ile kitu watu wenye gari husahau. Mimi ni wa matatu kila siku, Embakasi mpaka tao. Tangu zile sheria za waziri wa uchukuzi Michuki 2004 matatu zinafaa kuwa na mikanda, na ziko nayo, ile tu ukiivuta inakuachia rangi kwa blauzi. Yangu ni hii: namlipia mtoto siti yake. Naongea na makanga kabla ya kupanda, si baada, asubuhi inauma kwa mfuko lakini jioni wengi hukubali nusu. Anakaa dirishani au katikati, mbali na mlango, na kamwe si mbele na dere. Mkanda wa tumbo unapita chini kabisa juu ya mapaja, si kwa tumbo. Na kama siku hiyo imebidi nimpakate basi sipitishi mkanda mmoja kwetu sote wawili, najua inakaa akili lakini ikibana mtoto ndio anakuwa katikati yako na mkanda.

Kumfundisha msichana wangu nilitumia huo uchafu wa mkanda. Tunabeba kitambaa, yeye ndiye anapanguza mkanda wake kabla ya kufunga, na sasa anapanguza hadi wa jirani. Wasee wa Embakasi wananijua kama mama ya yule mtoto wa kitambaa.

Bodaboda sitaongea, nitalia.

Fundi_Mdogo
Mimi natengeneza magari Industrial Area na mambo ninaona kwa viti vya watoto yananishangaza, mtu amenunua kiti cha bei alafu kimekaa tu hapo kama mgeni. Shika kiti pale mkanda unapita, tikisa kushoto kulia, kikisonga zaidi ya sentimita mbili na nusu hakijafungwa. Kwa baadhi ya hizi gari za Japani ukivuta mkanda wote mpaka mwisho alafu uachilie urudi unaskia tik tik tik, hapo umejiloki na haulegei tena, wengi wenu mko nayo na hamjui. Zenye Isofix, ile ya kubana kiti kwa gari bila mkanda, kuna vyuma viwili vimejificha pale siti na egemeo zinakutana, ingiza mkono utavipata.

Mikanda ya mtoto mwenyewe, jaribu kufinya kwa bega hapo kwa mfupa wa shingo, ukiweza kukusanya mkanda kati ya vidole bado umelegea. Na Mama Kasa sikiza hapa, watoto wengi wenye wanajitoa hawajafungua chochote, wanateleza tu mikono juu mkanda umelegea. Wako ni klik kwahivyo huyo ni wa kazi ya makanga, lakini angalia na hiyo.

Julai hii ya baridi ndio mbaya zaidi. Mtoto amevalishwa jaketi kama godoro alafu anafungwa juu yake. Ikitokea kitu lile jaketi linabonyea na mkanda unabaki na nafasi kubwa. Vua jaketi, funga, alafu mfunike nalo mbele kama blanketi.

Na mtoto anayeangalia nyuma haketi mbele penye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofura kwa ajali, inafanya kazi. Hiyo haina mjadala.

mama_junior_rongai
@Fundi_Mdogo mambo ya kuangalia nyuma ni mpaka lini? Daktari wa kliniki aliniambia mwaka mmoja nikamgeuza, sasa dadangu ako Marekani ananipigia kelele

MwalimuWaChekechea
Dada yako yuko sahihi. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 hawataji hata umri, wanasema aangalie nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake na shingo bado laini, akiangalia nyuma mgongo wote unabebwa na kiti. Miguu kukunjika si neno, watoto hukaa hivyo hata sebuleni. Akishapita hapo anaangalia mbele na mikanda yake mwenyewe ya mabegani, kisha busta, kile kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae vizuri. Mkanda wa watu wazima peke yake bado, kwani utampita shingoni na tumboni. Ulaya nchi nyingi hutaka sentimita 135 mpaka 150 ndipo aache busta, kwa hiyo mtoto wa PP1 yuko mbali sana.

otis_buruburu
Mwenye ananunua mtumba je? Mpya bei imekataa

Fundi_Mdogo
Mtumba si dhambi ila muulize muuzaji kama kiti kimewahi kuwa kwa ajali, na akianza kuhepahepa ondoka. Geuza kiti, chini huwa kumepigwa tarehe ya kutengenezwa, na vingine mwaka wa mwisho wa kutumika. Plastiki inachoka hata kama inang'aa. Tafuta stika ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, iko na kilo kiti kinabeba. Kama stika imebanduliwa na mikanda imekatwa ikashonwa na cherehani, hiyo ni fanicha ya nyumba sasa.

kevo_wa_lavi
Mimi naongeza ya kushuka tu. Kiti cha wetu tumekiweka nyuma kushoto ndio ashukie upande wa pembeni, si upande magari yanapita. Kwa mlango tumebandika stika ya twiga, akishuka mkono unakaa kwa twiga mpaka mtu amshike. Supamaketi parking imekuwa amani. Na ile loki ya watoto kwa mlango wa nyuma muweke, iko pale pembeni ya mlango ukiufungua.

njeri_m
Na van za shule jamani? Ya kwetu ina rangi yake ya njano na kila kitu lakini watoto wawili wanafungwa mkanda mmoja. Nikiuliza naambiwa ni wadogo wanatoshea.

shiks_254
Usiende peke yako. Sisi tulikuwa wazazi sita, tukaenda pamoja siku ya mkutano, hatukugombana, tuliuliza tu mbele ya watu wote van ina mikanda mingapi na inabeba watoto wangapi. Mwenye van alihesabu akiwa amesimama hapo, na wiki iliyofuata ilianza kwenda raundi mbili. Mtoto wangu sasa anachukuliwa mapema kidogo lakini ako na siti yake. Pia omba huyo dada anayewapandisha afunge watoto kabla dereva hajatoa handibreki, juu wengi wao hufunga gari ikitembea.

MamaWaKasa
Nimesoma zote na nimerudi. Jana nilimpa ukondakta. Jana hiyo hiyo alinikataza kutoka kwa geti juu mkoba wangu ulikuwa siti ya mbele na haujafungwa mkanda. Nikaufunga. Klik ya njiani hatujaskia asubuhi ya leo mpaka shule, lakini babake ameambiwa na makanga asiongee na simu na amekasirika kidogo. Mwalimu huo ubao tunatengeneza Jumamosi, paka hatuna.

@njeri_m kama ni van ya upande wa Kasarani ni-inbox, nadhani tuko na shida moja.