Mrejesho: viatu vya mguu mpana, nimepata

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza nitapata wapi hapa Dodoma viatu vya kike vya kazini kwa mguu mpana, maana kila nilichovaa kilinibana hadi kidole kidogo kikaota sugu. Asanteni sana mlionijibu.

Dada uliyesema nipime jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, ubarikiwe. Nilitoka kazini nikakanyaga karatasi, nikachora mguu kwa penseli, nikaikata. Sokoni Majengo nikawa naiweka chini ya soli ya kila kiatu. Ikichomoza pembeni, hata sikijaribu. Viatu vyangu vya zamani ilivizidi karibu upana wa kidole! Kumbe miaka yote nilikuwa naongeza namba tu, 40 hadi 42, kisigino kinapwaya na mbele bado panabana.

Kwenye mitumba sikubahatika. Fundi mmoja wa Sabasaba ndiye aliyenishonea kwa karatasi ileile: ngozi laini, mbele mviringo, mkanda wa kufunga juu. Mwambieni apime miguu yote miwili, wangu wa kushoto ni mpana zaidi.

Jana nimesimama navyo darasani vipindi vinne, nikarudi Area C kwa miguu.