Mjadala: Watoto wetu wanafundishwa mazingira au wanabebeshwa madumu tu?

Mleta mada:
Wadau habari za jioni. Nina mtoto darasa la tano, shule sitaitaja, iko huku pembeni ya jiji la Dodoma. Mwezi wa kwanza karudi na agizo, kila mtoto aje na mche mmoja na dumu la maji lita tano. Haya, mche nikanunua, maji nikateka, wakapanda, mgeni rasmi akapigwa picha kashika koleo akaondoka zake. Mwezi wa sita nimeenda kikao cha wazazi nikachungulia nyuma ya madarasa, vimebaki vijiti na mbuzi wanamalizia majani ya mwisho. Na wiki hiyohiyo dogo kaambiwa kesho aje na kuni za uji!! Sasa nauliza kwa nia njema kabisa, hapo kajifunza nini?

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 na kitu kwa mwaka mzima, mche unaoupanda leo utauhudumia kiangazi cha kwanza na cha pili ndo ujue kama umepona. Wakati huohuo mashambani visiki vimejaa, mizizi iko chini tayari, na kila mwaka tunavifyeka tukilima. Hii Kisiki Hai, njia ya kuacha visiki vichipue viwe miti tena, ambayo shirika la LEAD Foundation wamezunguka nayo vijijini Dodoma, haina maajabu, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unapogoa, unafunga kitambaa watu wajue hapa pasiguswe, basi. Hakuna dumu. Mimi nasema somo la mazingira Dodoma lianzie kwenye kisiki, kitalu kije baadaye.

Mwalimu, Kongwa:
Mzazi mwenzangu unaongea ukiwa umekaa. Sisi tunaulizwa miche mingapi imepandwa, sijawahi kuulizwa mingapi imekufa. Na mtihani unataka "taja faida tatu za miti", mtoto anataja anapata vema, maisha yanaendelea. Kuhusu kuni, najua taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa ziache kuni na mkaa, sawa, ila gesi ya uji wa watoto mia nne analipa nani? Mzazi ambaye mchango wa mahindi wenyewe tunamfuata hadi nyumbani?

Kijana wa Area C:
Kwa mawazo hayo mji ungebaki vumbi tupu. Tangu serikali ianze kuhamia 2016 viwanja vimepimwa kila kona na greda limeng'oa kila kitu, ndo maana 2017 ikaja Dodoma ya Kijani, ile kampeni ya kupanda miti. Kando ya lami kisiki utakitoa wapi kaka? Mjini lazima tupande, na vivuli vilivyopo leo kuna watu walivimwagilia.

Mleta mada:
Mjini nakubali, hapo umenipata. Ila usichukue dawa ya mjini ukaileta kijijini Mvumi.

Mzee wa Kondoa:
Wanangu, mnabishana mambo ambayo sisi tumeyaishi. HADO, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililomomonyoka huku Kondoa. Makorongo yalikuwa yanameza ng'ombe mzima, sitanii. Mifugo ilipotoka nyasi zikarudi na vichaka vikarudi, vingi hakuna aliyevipanda, ardhi ilipumzika tu. Lakini msiitaje kama hadithi tamu. Mtu aliambiwa atoe ng'ombe, na ng'ombe ndo mahari, ndo ada, ndo heshima yake barazani. Wengine walihama nao hawakurudi. Baadaye ndo wakaruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani. Mtoto akifundishwa mti aambiwe na hii, nani alilipa.

Mwalimu, Kongwa:
Mzee shikamoo. Umenikumbusha kwetu, Waingereza 1947 walikuja na matrekta yao wafyeke pori walime karanga, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, mvua zikawagomea, 1951 wakaacha. Watoto wangu wanakaa juu ya shamba lile lile na somo lao la mazingira ni bango la msitu wa kijani na mto unaotiririka. Mto upi huo, hapa tuna korongo la mchanga!

Mleta mada:
Mwalimu hapo ndo nilipokuwa naelekea. Nina robo eka nyuma ya nyumba, visiki vya mikungugu vipo, nimemwambia mwalimu wa darasa alete watoto Jumamosi, kila mmoja achague chake afunge kitambaa, na mwakani arudi akipime. Kaniambia ataomba ruhusa.

Kijana wa Area C:
Safi. Na mbuzi? Wale waliomaliza miche ya shule, mwenyewe amepatikana?

Mleta mada:
Wawili ni wangu. Naongea na mama watoto tuwafunge.

Mzee wa Kondoa:
Haya, tumeanza.